Kufufuliwa kwa X-Men: Bei ya Jarida na Usawiri wa Kenya

Mwalimu mwenzangu, bila shaka wanafunzi wako wanamfahamu Storm kutokana na filamu za X-Men zilizoanza mwaka wa 2000. Je, wanajua kwamba jagina huyu alichorwa kwa mara ya kwanza akiwa Kenya?

Vibonzo vya X-Men viliasisiwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka wa 1963. Havikuuzika vyema, na kuanzia 1970 kampuni ya Marvel ikawa inachapisha upya hadithi za zamani tu. Mwaka wa 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walivifufua katika toleo la Giant-Size X-Men nambari 1. Kilichovifufua ni wahusika: Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mwapache na Ororo, yaani Storm.

Toleo hilo liliuzwa kwa senti 50 za Marekani. Leo nakala safi hununuliwa kwa maelfu ya dola. Mkusanyaji hulipia mambo mawili: mhusika kujitokeza kwa mara ya kwanza, na hali ya karatasi. Wakadiriaji huitunuku nakala alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha huifungia ndani ya kasha la plastiki. Kinaya ni kwamba nakala ghali zaidi ndiyo isiyosomeka! Chukua The Incredible Hulk nambari 181 ya mwaka wa 1974, ambamo Wolverine anajitokeza kikamilifu mara ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na stempu ambayo wasomaji walihimizwa kuikata na kuihifadhi. Watoto wakashika makasi. Nakala isiyo na stempu hiyo sasa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake.

Turejelee Kenya. Ororo anaabudiwa na wanakijiji wanaomwomba mvua. Hawana majina, na kabila lao halitambuliki. Profesa Xavier anawasili, anamwambia kuwa yeye si mungu bali ni binadamu aliyezaliwa na kipawa, na kumwalika aache njozi aingie katika uhalisia. Kwa hivyo Kenya ni njozi, Marekani ndiyo uhalisia. Hapa ndipo mhakiki anapaswa kukaza macho, kwa maana usawiri huu umejificha nyuma ya sifa nzuri za mhusika.

Ororo anaondoka. Toleo hilo halisemi ni nani aliyewaletea wanakijiji mvua baadaye. Lipeleke swali hilo darasani, pamoja na nakala iliyochapishwa upya. Hiyo bei yake ni nafuu na kurasa zake zinafunguka.