Hema Juu ya Gari: Kulala Pakavu na Kuamka Salama

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hilo halikunenwa kwa nyumba za udongo na mawe peke yake. Siku hizi katika barabara za Uganda, hasa zile ziendazo kwenye mbuga za Murchison Falls, Queen Elizabeth na Kidepo, huonekana magari yaliyobeba juu yake furushi kubwa la turubai. Jioni furushi hilo hukunjuliwa, ngazi ikateremshwa, na gari likageuka kuwa nyumba ya ghorofa. Mengi ya magari hayo hukodishwa na watalii. Lakini gari la namna hiyo likiisha kuuzwa, familia ya askari au ya mtumishi wa serikali yaweza kulipata pamoja na hema lake.

Kwa nje hema hilo hupendeza. Usiku wa kwanza wa mvua ndipo siri zake hufichuka: godoro limelowa upande wa chini, ngazi inateleza, watoto wanatetemeka kwa baridi, na mzazi anaanza kufikiri kuingiza jiko la mkaa. Kila moja ya taabu hizo ina dawa yake, na aghalabu dawa hiyo haipatikani dukani, bali nyumbani, katika vitu ambavyo mtu tayari anavyo.

Kulitengeneza hema la namna hii kwa mikono si jambo geni. Katika Ujerumani Mashariki, dola iliyokoma mwaka 1990, fundi Gerhard Müller wa mji wa Limbach-Oberfrohna alibuni hema la kukaa juu ya Trabant, gari dogo lenye injini isiyofikia sentimita za ujazo 600. Ikiwa gari hilo liliweza kubeba chumba cha kulala, basi jambo kubwa si ukubwa wa gari, bali ni kujua uzito umekaa wapi na umeshikwa na nini.

UZITO NA NATI

Hema la watu wawili kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 45 hadi 80. Paa la gari nalo lina viwango viwili vya kubeba: kimoja gari likiwa mwendoni, na kingine likiwa limesimama. Kiwango cha mwendoni ndicho kidogo, na katika magari mengi madogo hakizidi kilo 75 au 100. Humo huhesabiwa keria, hema, godoro na hata blanketi zilizokunjwa ndani. Kiwango hicho huandikwa katika kitabu cha gari. Keria nayo ina kiwango chake, na kati ya hivyo viwili, kilicho kidogo ndicho cha kufuatwa.

Kwa hiyo tairi la akiba na madumu ya maji yasipandishwe juu. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20 za maji, na uzito wote uliopo juu huvuta gari upande likatapo kona. Mahali pa mizigo ni chini, karibu na sakafu. Dereva naye hana budi kupunguza mwendo kuliko alivyozoea.

Barabara ya changarawe yenye mawimbi hulegeza nati pole pole, bila sauti. Dawa yake ni spana na kopo dogo la rangi. Nati zikishakazwa, huchorwa mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na kuendelea juu ya chuma kilicho kando yake. Kila asubuhi mtu huzunguka gari na kutazama: mstari ukiwa umekatika, nati imegeuka. Baada ya kilomita 50 za kwanza zikazwe tena zote, kwani ndipo chuma hukaa mahali pake.

MAJI YASIYOTOKA MBINGUNI

Wengi wakikuta godoro limelowa hudhani hema linavuja. Mara nyingi sivyo. Watu wawili wakilala usiku kucha hutoa, kwa pumzi na kwa jasho, maji yanayokaribia nusu lita. Mvuke huo hushuka ndani ya godoro hadi ukutane na sakafu, ambayo imepoa kwa sababu upepo unapita chini yake. Hapo hugeuka kuwa maji, kama vile ukungu ufanyavyo juu ya chupa iliyotoka katika barafu.

Dawa ya kwanza ni hewa. Madirisha mawili yanayoelekeana yaachwe wazi kiasi cha vidole vitatu, hata wakati wa mvua, mradi kifuniko cha nje kimewambwa vizuri. Kufunga kila kitu kwa kuogopa baridi ndiko hasa kunakoleta unyevu.

Dawa ya pili ni mkeka. Ule mkeka mnene wa mafunjo au wa matete unaouzwa masokoni ukitandikwa chini ya godoro, huacha nafasi ndogo ya kupitisha hewa, tena huzuia baridi itokayo chini. Asubuhi godoro lisimamishwe ubavu, na mkeka uanikwe juani, la sivyo utaoza.

Turubai lenyewe nalo lina mahitaji yake. Hema jipya la kitambaa chenye pamba limwagiwe maji nyumbani na kuachwa likauke, mara mbili au tatu, kabla ya safari ya kwanza. Nyuzi za pamba huvimba kwa maji na kuziba matundu ya sindano. Penye mshono unaoendelea kuvuja, pasuguliwe nta ya nyuki. Sabuni ya kufulia isitumike, kwa maana huondoa dawa inayozuia maji. Brashi laini na maji matupu yatosha. Mvua inyeshapo, nguo na mito isiegemee kitambaa, maana hapo ndipo maji yatakapoanza kupenya.

NGAZI NA WATOTO

Katika mahema mengi ngazi si njia ya kupandia tu. Ni mguu wa nyumba, unaobeba nusu ya sakafu iliyotokeza nje ya gari. Ikisimama juu ya matope, sakafu nayo itainama usiku. Kipande cha ubao chini ya kila mguu wa ngazi huondoa hatari hiyo. Vipago vyake vizungushiwe ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu ya tairi na kufungwa kwa waya laini, ncha zikiwa zimefichwa, ili mguu uliolowa usiteleze.

Kabla ya kukunjua hema, gari lenyewe liwekwe sawa. Chupa iliyojazwa maji nusu na kulazwa juu ya sehemu bapa ya gari hutosha kuwa pimamaji. Upande ulio chini hunyanyuliwa kwa mbao chini ya magurudumu, kisha breki ya mkono huvutwa na mawe huwekwa mbele na nyuma ya tairi. Kama mwinamo kidogo hauepukiki, vichwa vilale upande wa juu.

Watoto walale mbali na mlango, na mtu mzima alale karibu nao. Zipu ya mlango ifungwe kabla ya taa kuzimwa. Ashukaye usiku amulike kwanza chini kwa tochi, kwani viboko hutoka majini gizani kwenda kula majani. Chakula kisiwekwe hemani. Na penye siafu, majivu humwagwa kuzunguka miguu ya ngazi.

MOTO USIINGIE NDANI

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote. Mji wa Kabale uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni baridi. Mtu aliyezoea joto la Kampala atatamani kuleta jiko la mkaa karibu na watoto. Asithubutu. Mkaa uwakao hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito. Na aliyekwisha kulala hazitambui. Hata makaa yaliyofunikwa majivu, yanayoonekana kama yamekufa, huendelea kutoa sumu hiyo. Kadhalika injini isiachwe ikinguruma chini ya watu waliolala.

Joto la salama lapatikana kwa njia nyingine. Blanketi moja huwekwa chini ya mwili kwa kila mbili zilizo juu, kwani baridi ya hema hili hutoka chini. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringwa taulo huwekwa miguuni. Kofia na soksi kavu husaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Mishumaa na koroboi vikae chini, mbali na turubai. Tochi iliyoning'inizwa kwa kamba hutosha. Atakayevuta waya kutoka kwenye betri ya gari aweke fyuzi ndogo karibu na betri, ili waya ukichubuka usiwashe moto.

KUKUNJA NA KUHIFADHI

Askari hairudishi bunduki ghalani ikiwa chafu, na hema lastahili heshima hiyo hiyo. Likikunjwa bichi, kuvu huanza kuota kwa muda wa siku moja au mbili, na harufu yake haiondoki kwa urahisi. Kama safari imelazimu kulikunja likiwa na maji, likunjuliwe tena siku ile ile ya kufika nyumbani, likauke hadi kwenye mishono. Baada ya hapo lifunikwe, kwa maana jua kali nalo huozesha kitambaa.

Spana, kopo la rangi, mkeka, mbao mbili, tyubu kuukuu na donge la nta: vyote hivyo huingia katika gunia moja nyuma ya kiti. Familia iliyovikumbuka na kuliacha jiko nje italala pakavu, na asubuhi wote watashuka ngazi kwa hesabu ile ile waliyopandia.