Nywila ya swichi ya ofisi: Si kila fundi awe admini

Umefika ofisini asubuhi, intaneti hakuna, printa haionekani, na fundi aliyefunga mtandao hapokei simu. Usikimbilie kulaumu kampuni ya intaneti. Huenda kuna mtu ameingia kwenye swichi akagusa asichokijua.

Swichi ni kile kiboksi chenye matundu mengi, yaani poti, kinachounganisha kompyuta, printa na kamera kwa nyaya. Zile za bei rahisi unachomeka tu, basi. Lakini zile kubwa zina mipangilio, na mipangilio inalindwa kwa ngazi za ruhusa.

Ngazi zikoje?

Kwenye swichi za Cisco zinazotumia mfumo wa IOS, ngazi ni 16, kuanzia 0 hadi 15. Mbili ndizo muhimu zaidi:

Ngazi ya 1, mtumiaji wa kawaida. Jina la swichi linaishia na alama ya >. Unaangalia hali ya poti na kupima mawasiliano kwa ping, lakini hubadilishi kitu.

Ngazi ya 15, admini. Unaandika enable, unaweka nywila, alama inageuka #. Hapo unaweza kuzima poti, kubadilisha nywila, hata kufuta mipangilio yote.

Ngazi ya 2 hadi 14 unazipanga mwenyewe. Mfano, fundi wa zamu aruhusiwe kuwasha na kuzima poti tu.

Tatizo liko wapi?

Ni pale ofisi nzima inapotumia nywila moja ya admini. Fundi akiacha kazi, anaondoka nayo kichwani. Na kitu kikiharibika, kumbukumbu za swichi zinaonyesha jina moja tu, kwa hiyo hujui ni nani.

Fanya hivi

- Kila mtu awe na akaunti yake. Wa kuangalia tu, ngazi ya 1 inamtosha.
- Mwambie fundi atumie enable secret, si enable password. Hiyo ya pili kwa kawaida husomeka wazi kwenye mipangilio.
- Ingieni kwa SSH. Telnet husafirisha nywila bila kuificha.
- Mtu akiondoka kazini, akaunti yake ifutwe siku hiyohiyo.

Na wewe mwenye ofisi, nakala ya nywila ya admini iwe kwako, imefungiwa kabatini. Siku fundi asipopokea simu, kazi isisimame.