Gemu inapoikataa Linux, usiilaumu kompyuta

Tangu Microsoft isitishe msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za mtumba wamebaki na maswali. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na mashine nyingi za zamani hazina. Fundi akikuwekea Linux, ambayo ni ya bure, barua zinachapwa na intaneti inafunguka. Jioni vijana wakifungua EA Sports FC, gemu inagoma.

Kwa kawaida RAM ndiyo hubebeshwa lawama. Lakini kinachogoma ni programu ya kuzuia udanganyifu inayokuja na gemu.

Mdanganyifu huweka programu inayosoma kumbukumbu ya kompyuta wakati mchezo unaendelea, ikamwonyesha adui aliye nyuma ya ukuta au ikamlengea shabaha. Ili kumnasa, kampuni za gemu zimeweka walinzi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, sehemu inayotawala kumbukumbu, diski na vifaa vyote. Vanguard ya kampuni ya Riot, iliyokuja na Valorant mwaka 2020, huamka pamoja na kompyuta, hata kama siku hiyo huchezi. EA, wenye EA Sports FC, nao wana mlinzi wao tangu FIFA 23.

Linux huendesha gemu za Windows kwa kutumia Proton, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018. Proton hutafsiri maombi ya gemu yakaeleweka na Linux, na kazi hiyo inaiweza. Ila kiini cha Windows hakimo, hivyo mlinzi aliyeundwa kuishi humo hana pa kukaa. Linganisha na mpakani: kwenye kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa 2019, ofisa hufanya kazi upande wa pili kwa sababu Tanzania na Zambia zilikubaliana. Kwenye gemu makubaliano kama hayo ni haba. Easy Anti-Cheat na BattlEye zinaweza kufanya kazi na Proton tangu 2021, lakini mwenye gemu lazima aruhusu. Epic, wamiliki wa Easy Anti-Cheat, hawajairuhusu kwa Fortnite. Apex Legends iliruhusu, kisha ikafunga mlango tarehe 31 Oktoba 2024 kwa madai kwamba Linux ni maficho ya wadanganyifu.

Hoja hiyo ina uzito, maana kiini cha Linux ni wazi na mjuzi anaweza kukiunda upya kimdanganye mlinzi. Hata hivyo, kwenye Windows nako wadanganyifu wamejaa.

Na mlinzi wa kwenye kiini ana hatari yake. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, programu ya usalama inayokaa humo humo, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Kompyuta ya wakala wa forodha au ya duka la steshenari, yenye nyaraka za wateja, mimi nisingeiwekea Valorant.

Counter-Strike 2 na Dota 2 zinacheza kwenye Linux bila kuhitaji Proton. Kwa nyingine, tafuta jina la gemu kwenye tovuti ya ProtonDB uone kama inakubali Linux, kabla fundi hajafuta Windows.