Chupa za Kutia Katika Tangi la Pikipiki: Ipi Inafaa, Ipi Inakula Mshahara Bure



Katika mikutano yetu ya miezi ya karibuni, huko kwenye mashamba ya chai upande wa Pfunda na hapa mjini Gisenyi, swali moja limerudi mara nyingi kuliko tulivyotazamia. Wenzetu wengi sasa wanaendesha pikipiki. Wengine wamenunua kwa mkopo ili wakitoka zamu ya kiwandani wapakie abiria jioni. Wengine wamekabidhiwa na mwajiri kwa kazi ya kusimamia mashamba. Wote wanauliza: hizi chupa ndogo za madukani, za kumimina ndani ya tangi ili injini iwe safi na iwe na nguvu, ni dawa kweli au ni kutunyang'anya fedha? Hatukutaka kujibu kwa kubahatisha. Tulikaa na mafundi wa gereji, tukaona karibureta zikifunguliwa, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tuelewane juu ya neno, maana hapa ndipo hasara nyingine zinapoanzia. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wakisema petroli wana maana ya mafuta ya kuendeshea gari. Sisi huku Rwanda, na majirani zetu wa Goma vile vile, tunayaita hayo esanse; na tukisema peteroli tuna maana ya mafuta ya taa. Kijana akitumwa na mgeni kununua "petroli" anaweza kurudi na mafuta ya taa, na hakuna aliyedanganya. Kwa hiyo katika makala haya tutasema esanse na mafuta ya taa, basi.

Injini ya pikipiki zetu nyingi, yaani zile za 100 au 125, inachoma esanse iliyochanganywa na hewa. Mchanganyiko huo unapimwa na karibureta kwa vitundu vyembamba sana. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba yako juu zaidi. Hapa ufukweni hewa imepungua uzito kwa kama sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani ya Mombasa au Dar es Salaam. Karibureta iliyorekebishwa kwa hewa nzito ya chini itaendelea kumimina esanse ile ile, hewa ikiwa pungufu. Matokeo yake ni moshi mweusi, bugi yenye masizi, na esanse kwisha upesi. Mwenye pikipiki anasema injini imechafuka, anakwenda kununua chupa. Lakini hapo hakuna chupa itakayomsaidia. Ni fundi wa kurekebisha karibureta, kazi ya muda mfupi.

Sasa tuje kwenye chupa zenyewe. Ziko za namna nyingi na zisichanganywe.

Iliyo na faida ya kweli ni ile ya kusafisha. Ndani yake mna dawa inayoyeyusha utando unaobaki pale esanse inapokauka au inapoungua vibaya. Inafanya kazi polepole, safari baada ya safari. Inafaa kwa pikipiki inayowaka vizuri ili ibaki hivyo, au iliyoanza kusitasita kidogo. Kama kitundu cha karibureta kimekwisha kuziba kabisa, esanse haipiti, na dawa iliyomo katika esanse haipiti vile vile. Hapo ni kufungua na kupuliza. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: chupa nyingi zimetengenezwa kwa gari lenye tangi la lita 50 au 60. Tangi la pikipiki ni lita 10 au 12. Ukimimina chupa nzima umetia mara tano ya kipimo. Soma kibandiko, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na chupa moja itakutosha mara nyingi. Wenzetu watano wanaweza kuchangia chupa moja. Mafundi wanashauri pia itiwe siku chache kabla ya kubadilisha oili, kwa sababu uchafu na dawa kidogo hushuka mpaka kwenye oili.

Chupa za "kuongeza nguvu" tunasema wazi: muache. Zinaongeza oktani, yaani uwezo wa esanse kuvumilia mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake. Injini ya mbio yenye mgandamizo mkubwa inahitaji hilo. Injini zetu hazina mgandamizo wa namna hiyo, na tena kwenye milima hewa nyepesi inapunguza haja hiyo zaidi. Oktani isiyohitajiwa haizai nguvu hata kidogo. Baadhi ya chupa hizo zina madini ya manganizi au ya chuma, na ukiona bugi imegeuka rangi ya kutu nyekundu ujue yameanza kuganda hapo.

Jambo hili la oktani lina historia ambayo mfanyakazi anapaswa kuijua. Mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba kemikali yenye madini ya risasi inazuia injini kugonga. Ikaanza kutengenezwa kwa wingi. Oktoba 1924, katika mtambo wa Bayway wa kampuni ya Standard Oil, jimbo la New Jersey, wafanyakazi watano waliovuta mvuke wa kemikali hiyo walirukwa na akili wakafa, na wengine wengi wakalazwa hospitali. Msimamizi mmoja aliwaambia waandishi wa habari kwamba labda watu hao walipata wazimu kwa sababu walifanya kazi kupita kiasi! Uuzaji ulisimamishwa kwa muda, kisha ukaendelea kwa miaka mingi, na sumu ile ikatoka kwenye mabomba ya moshi duniani kote. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imekwisha ondoka katika vituo vyetu. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Basi anayekuambia kwamba kitu hakiwezi kuwa na madhara kwa kuwa kinauzwa dukani, mkumbushe hayo.

Kuhusu mafuta ya taa katika esanse, hatutamlaumu mtu kabla ya kusema ukweli kwamba wengi hununua esanse ya chupa kando ya njia, kwa wale ambao ng'ambo ya mpaka huitwa Kadhafi, kwa sababu ni jioni, kituo ni mbali na fedha ni ya lita moja tu. Huko ndiko mchanganyiko unakopatikana. Mafuta ya taa yana oktani ndogo na hayageuki mvuke upesi. Injini inagonga, inatoa masizi, na yale yasiyoungua yanateremka kando ya pistoni, yanaingia katika oili na kuifanya nyepesi kama maji. Oili yote ya injini hizi ni kama lita moja tu. Haihitaji mengi kuharibika. Njia ya kupima ni rahisi: dondosha matone mawili ya esanse juu ya karatasi nyeupe safi, uache kivulini. Esanse nzuri inakauka kwa dakika chache na karatasi inabaki safi. Ikibaki doa la mafuta, usiimimine.

Usitie nondo za nguo ndani ya tangi, hata kama jirani anasema zinafanya kazi. Esanse ikipungua zinaganda tena kama chumvi na kuziba vitundu. Wala usichanganye oili katika esanse kwa kuwa uliona babu akifanya hivyo. Ile ni kwa injini za mipigo miwili, na hata Yamaha AG100 ambayo mabwana shamba wengi wanaifahamu ina tangi lake la oili pembeni, inajichanganyia yenyewe. Na tafadhali, kuvuta esanse kwa mdomo kwa mpira tuache kabisa. Ikiingia mapafuni inaunguza. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya.

Sisi wa Gisenyi si wageni wa kusafisha nishati. Tangu 1963, gesi ya methane iliyotolewa ziwani huko Rubona ilikuwa ikioshwa kwa maji ili kutoa hewa ya kaboni, ndipo ipelekwe kwenye boila za kiwanda cha bia. Ilisafishwa kabla ya kuingia motoni. Kwa pikipiki ni vivyo hivyo: chujio la bei ndogo kwenye mpira wa esanse, na chujio la hewa linalosafishwa kila mara, vinashinda chupa zote. Vumbi letu hapa ni la mawe ya volkano, ni kama msasa.

Na hili la vumbi ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Wenzetu wasimamizi wawili wa shamba moja, ambalo hatutalitaja, waliharibikiwa injini mwezi mmoja. Mwajiri akasema wamechanganya mafuta ya taa ili wauze esanse, akaandaa karatasi ya kuwakata mshahara. Mmoja alikuwa amekwisha kununua chupa tatu za dawa kwa fedha yake mwenyewe, akijaribu kuiponya injini ya mwajiri. Tuliomba jambo moja tu: kabla ya mtu kutia sahihi, injini zifunguliwe mbele ya pande zote mbili. Fundi akafungua. Chujio la hewa lilikuwa limechanika, silinda imekwaruzwa na vumbi. Esanse ya tangi ilidondoshwa kwenye karatasi, haikuacha doa. Kisha tukaenda kwenye pipa walikojaziwa. Pipa lilisimama nje mvuani, kifuniko hakikazi, na tulipochota chini kabisa tulipata maji, maana maji ni mazito kuliko esanse hukaa chini.

Karatasi ya kukata mshahara ilichanwa siku ile ile. Pipa sasa limelazwa juu ya mbao chini ya paa, koki imeinuliwa kidogo ili maji yabaki chini, na chujio za hewa zinanunuliwa na mwajiri. Fedha ya zile chupa tatu bado haijarudishwa, tunaifuatilia. Mwenye pikipiki ya mwajiri aliyeletewa karatasi kama ile asitie sahihi, aje ofisini kwetu nayo pamoja na bugi ya zamani, asiitupe.