Kompyuta Ikiwa Nyumbani, Kompyuta Ikiwa Ugenini

Mtu akiwa chumbani kwake huvaa apendavyo, akitoka hujisitiri. Kompyuta nayo imewekewa mpango kama huo. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa madukani mwaka 2007, ilituuliza: mtandao huu ni wa nyumbani, wa kazini au wa umma? Katika Windows 11 tunachagua kati ya miwili tu, binafsi na umma.

Tukichagua binafsi, kompyuta huonekana na wenzake walio kwenye mtandao huo, nasi tunaweza kutumia printa moja au kufungua folda ya kaka aliye chumba cha pili. Tukichagua umma, hujificha, na kinga yake huwakataa wengi wanaobisha hodi.

Wengi wetu hukosea safarini. Printa ya hotelini haionekani, basi tunageuza mtandao kuwa binafsi, tunachapisha, tunasahau. Kumbe nyumbani tuliiruhusu folda ya picha za familia ionekane, tena tukaondoa sharti la neno la siri ili wadogo wasihangaike! Mgeni wa chumba cha jirani aweza kuifungua. Na Windows hukumbuka chaguo la kila mtandao; tukirudi hoteli ileile mwakani, mlango bado u wazi.