Kabureta ya Land Rover ya zamani: hesabu lita kwanza, shilingi baadaye

Mfanyabiashara anayepeleka maji, vyakula au mifuko ya mawe ya dhahabu kati ya Buhemba, Butiama na Musoma anajua kwamba faida ya safari huanzia kwenye tanki la mafuta. Kwa mwenye Land Rover ya petroli ya miaka ya 1960 au 1970, kifaa kinachoamua tanki hilo litafika wapi ni kabureta. Ikichoka, gari hula mafuta, hutoa moshi mweusi, hukosa nguvu mlimani na mwishowe hulala njiani siku ya soko.

Wiki hii ukurasa huu unaeleza jinsi ya kuchagua kabureta ya kubadilisha, kwa kuwa ndipo fedha nyingi za wenye magari haya hupotelea. Wengi hununua ile iliyopo dukani, wengine hununua iliyo rahisi, na wapo wanaonunua kabureta mpya wakati ugonjwa wa gari uko kwingine kabisa.

Gari lenyewe na kabureta zake

Land Rover zinazozungumzwa hapa ni za Series II (1958 hadi 1961), Series IIA (1961 hadi 1971) na Series III (1971 hadi 1985). Nyingi zina injini ya petroli ya silinda nne yenye ukubwa wa lita 2.25, yaani sentimita za ujazo 2,286. Bodi yake ya aluminiamu haili kutu upesi, na injini hufunguliwa kwa spana za kawaida. Hiyo ndiyo sababu gari lenye umri wa zaidi ya miaka 40 bado linaweza kuwa mtaji badala ya chuma chakavu.

Injini hiyo ilitoka kiwandani na aina mbili za kabureta. Za mwanzo zilifungwa Solex 40 PA10. Kuanzia mwaka 1967 hivi zikaanza kufungwa Zenith 36 IV, ambayo ndiyo iliyoendelea kwenye Series III. Aina ya tatu inayopatikana sokoni ni Weber 34 ICH, ambayo hufungwa na wenye magari wanaotaka kuachana na zile mbili. Namba 40, 36 na 34 zinaonyesha upana, kwa milimita, wa tundu ambalo hewa hupitia chini ya kabureta.

Mwenye injini ya silinda sita ya lita 2.6 asitumie maelezo haya kununulia. Injini hiyo ina kabureta ya aina nyingine kabisa. Aidha, magari haya yamepita mikononi mwa watu wengi, na si ajabu kukuta Series IIA yenye injini ya Series III au kabureta ya gari jingine. Kabla ya kwenda dukani, soma jina na namba zilizopigwa kwenye mwili wa kabureta yako. Kadi ya gari haitakuambia.

Hakikisha mgonjwa ni nani

Dalili za kabureta mbovu hufanana sana na dalili za magonjwa mengine yenye tiba nafuu. Kabla ya kulipa, mwambie fundi apime mambo yafuatayo.

Kwanza, chujio la hewa. Land Rover hizi hutumia chujio la bakuli la oili. Vumbi la barabara za kokoto na la mawe yanayosagwa machimboni hujaza bakuli hilo tope upesi. Hewa ikizibwa, injini huvuta petroli nyingi kupita kiasi, na kabureta nzima hulaumiwa bure. Safisha bakuli, weka oili mpya, kisha pima tena.

Pili, plagi na pointi. Plagi yenye masizi meusi makavu inaonyesha petroli imezidi. Yenye rangi ya hudhurungi iko sawa. Nyeupe inaonyesha hewa imezidi. Nafasi ya pointi iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Pointi zilizochomeka hupunguza nguvu kama kabureta iliyoziba.

Tatu, pampu ya petroli. Injini hii ilitengenezewa pampu ya mkono wa injini yenye msukumo mdogo. Wapo waliofunga pampu za umeme zilizotolewa kwenye magari ya kisasa yanayopuliza petroli kwa kompyuta. Msukumo wa pampu hizo ni mkubwa mara nyingi zaidi, hivyo sindano ya kabureta hushindwa kufunga na petroli hufurika. Ukibadilisha kabureta ukaiacha pampu hiyo, mpya nayo itafurika.

Nne, hewa ya wizi. Injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kidogo pale kabureta inapokutana na manifoldi. Mlio ukibadilika, kuna ufa au gasketi iliyokufa. Usinyunyize petroli, moto hauna bima.

Tano, mhimili wa kabureta yenyewe, ule unaozungushwa na akseleta. Ushike kwa vidole uutikise. Ukicheza waziwazi, hewa inaingia pembeni, na hakuna gasketi mpya itakayoponya. Hapo ndipo kubadilisha kunaanza kuwa na maana, isipokuwa kama kuna fundi mkereza vyuma hodari wa kuweka bushi mpya.

Sifa na kasoro za kila aina

Zenith 36 IV huipa injini nguvu yake kamili na haihitaji kurekebisha viungo kwenye gari lililotoka nayo kiwandani. Kasoro yake inajulikana dunia nzima. Kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na mpira mdogo wa duara ulio kati ya kipande cha jeti na mwili wa kabureta huchakaa. Petroli hupenya pasipopita jeti, na gari linakuwa mlevi. Habari njema ni kwamba ugonjwa huu hutibika. Fundi hutandika msasa laini juu ya kioo, husugua uso uliopinda mpaka unyooke, kisha huweka mpira na gasketi mpya. Mwenye Zenith ambayo mhimili wake haujachoka aanze na tiba hii kabla ya kufikiria kununua nyingine.

Solex 40 PA10 ni imara na ina tundu pana, lakini ndiyo ya zamani zaidi kati ya hizo tatu. Kiwambo cha pampu yake ya akseleta hukauka na kupasuka, na mhimili huchakaa. Mwenye gari la asili anayetaka kuliuza kwa wapenzi wa magari ya kale aitunze, kwa sababu mnunuzi wa aina hiyo huangalia kama vifaa ni vya kiwandani. Mwenye gari la kazi hana haja ya kuisaka.

Weber 34 ICH ina vipande vichache na hurekebishwa kwa urahisi. Kwa kuwa tundu lake ni jembamba, hewa hupita kwa kasi hata injini ikizunguka taratibu, hivyo petroli huchanganyika vizuri kwa mwendo wa pole wenye mzigo. Mwendo huo ndio wa njia za Buhemba. Kasoro yake ni kwamba injini huishiwa pumzi mapema kwenye mwendo wa kasi wa barabara ya lami, kwa mfano kutoka Makutano kwenda Mwanza. Vilevile huhitaji kipande cha kuunganishia na mabadiliko ya viungo vya akseleta. Uliza kama kipande hicho kimo ndani ya boksi kabla hujatoa fedha.

Mwinuko nao una gharama

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni mwinuko. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Buhemba iko juu zaidi ya ziwa. Kwa kila mita 1,000 uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 10. Kabureta haijui hilo. Huendelea kutoa petroli kama iko pwani, na mchanganyiko hunenepa kwa takriban asilimia 5 kwa kila mita 1,000.

Kwa hiyo kabureta iliyopangwa vizuri Dar es Salaam itakula mafuta zaidi mkoani Mara, hata ikiwa mpya. Fundi aangalie plagi baada ya wiki moja ya kazi. Zikiwa nyeusi, jeti kuu ibadilishwe kwa yenye namba ndogo kidogo. Asizibue jeti kwa waya. Tundu la jeti ni kipimo, na likitanuliwa kidogo tu gharama yake utailipa kila siku kwenye kituo cha mafuta.

Hesabu ya lita

Bei za vipuri hupanda na kushuka, na thamani ya shilingi vilevile. Njia salama ya kulinganisha ni kuigeuza bei ya kabureta kuwa lita za petroli. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gari hutembea kilomita 600 kwa wiki. Likienda kilomita 5 kwa lita, hutumia lita 120. Likirudi kwenye kilomita 6 kwa lita, hutumia lita 100. Tofauti ni lita 20 kwa wiki, sawa na lita 1,000 kwa wiki 50 za kazi.

Tuseme kabureta halisi pamoja na ufundi inagharimu sawa na lita 160. Itajilipa katika wiki nane, na mwisho wa wiki 50 itakuwa imebakiza lita 840. Tuseme ya bandia inagharimu lita 60 lakini inachoka baada ya wiki 10. Ukiinunua mara tano, utakuwa umetumia lita 300 na kubakiza 700, kabla ya kuhesabu siku tano za kulala gereji na wateja waliokodi gari jingine. Rahisi huwa ghali.

Hata hivyo hesabu hiyohiyo humgeukia mwenye gari la matumizi madogo. Kwa kilomita 100 tu kwa wiki, akiba ni lita 3 na kidogo, na kabureta ya lita 160 itajilipa baada ya wiki 48. Huyo atafute gasketi, mpira na sindano mpya, abakize mtaji wake.

Ili kujua ukweli wa gari lako, jaza tanki hadi mdomoni, andika kilomita, fanya kazi, jaza tena, kisha gawanya. Fanya hivyo kabla na baada ya matengenezo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kutambua bandia, na ushauri kwa wenye maduka

Kiwanda cha Weber kilihama Bologna, Italia, na tangu mwaka 1992 uzalishaji ukawa Hispania. Kabureta ya Weber inayodaiwa kuwa mpya kabisa huku imeandikwa Bologna ni ya akiba ya zamani sana au ni ya kuigiza. Angalia pia umaliziaji: maandishi yaliyofifia, kingo zenye makali, skrubu laini zinazolika kwa bisibisi, na mhimili unaocheza hata kabla haujafungwa. Uso wa chini uuweke juu ya kioo, ukiyumba, urudishe.

Anayevuka Sirari kununua vipuri Kenya akumbuke kwamba umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, hausamehi ushuru wa bidhaa zilizotengenezwa nje ya jumuiya. Adai risiti na karatasi za forodha, vinginevyo unafuu wa bei utaishia mpakani.

Kwa mwenye duka dogo Musoma, Bunda au Butiama, kabureta nzima ni mzigo unaolaza fedha kwenye rafu. Vinavyozunguka ni vidogo: gasketi, mipira, sindano, viwambo, pointi na plagi. Kabureta nzima iagizwe mteja akishaleta ya zamani kwa ajili ya kulinganisha na akiwa ametanguliza sehemu ya fedha.

Wapo wanaoshauri kung'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli. Inawezekana, lakini gharama yake ni ya daraja jingine, na namba mpya ya injini lazima iingizwe kwenye kumbukumbu za gari TRA. Asiyekuwa na mtaji huo, gari lake likiwa la kazi za Buhemba na mhimili wa kabureta umekwisha, Weber 34 ICH halisi yenye jeti ya kufaa mwinuko wetu ndiyo ya kutangulia kuulizia bei. Kama mhimili bado mzima, Zenith iliyonyooshwa juu ya kioo itamrudishia lita zake kwa gharama ya gasketi na nusu siku ya fundi.