Busan: Unalipia Kahawa, Unakodi Kiti

Mtaani Jeonpo, jijini Busan, bado yapo maduka ya nati, mikanda ya mashine na misumeno. Milango iko wazi, fundi kakaa kwenye kigoda anasubiri mteja. Mlango wa pili ni mkahawa. Ukuta haujapakwa rangi, nyaya za umeme zinaning'inia kwa makusudi, na dirishani pamebandikwa kikaratasi kimoja tu chenye saa za kazi. Vichochoro hivi vyote zamani vilikuwa vya vifaa na vipuri. Biashara ile ilipoanza kuhama, vyumba vikabaki vitupu, kodi ikawa nafuu, na kuanzia mwaka 2010 hivi vijana wenye mtaji mdogo na mashine ya espreso wakaanza kujipenyeza. Mwaka 2017 gazeti la New York Times liliiweka Busan kwenye orodha yake ya mahali 52 pa kutembelea, likaitaja na mikahawa ya Jeonpo. Tangu hapo, Jumamosi mchana huku hakupitiki.

Busan ni jiji la pili la Korea Kusini baada ya Seoul, lina watu zaidi ya milioni 3, na ndiyo bandari kuu ya nchi. Buni inayoingia Korea, zaidi ya asilimia 90 inashushwa hapa. Kwa hiyo gunia lililotoka Yirgacheffe, Ethiopia, au Nyeri, Kenya, linaweza kukaangwa umbali wa nusu saa tu kutoka gatini. Tatizo la mwenye mkahawa si kupata kahawa. Tatizo ni majirani: kufikia mwisho wa mwaka 2022, takwimu za serikali zilihesabu maduka ya kahawa zaidi ya 100,000 nchini humo. Kuna barabara ambako ukisimama kona moja unayaona matano, na la sita linapigwa rangi.

Kahawa yenyewe ina bei mbili. Kwenye maduka ya mnyororo ya bei rahisi, americano ni won 1,500 hadi 2,000, kikombe kikubwa cha kukuchosha mkono. Unabonyeza skrini mlangoni, unapokea, unaondoka. Compose Coffee, mojawapo ya minyororo hiyo, ilianzia Busan hii hii, na mwaka 2024 kampuni ya Jollibee ya Ufilipino ikainunua. Kwenye mkahawa wa mtaa, americano hiyo hiyo ni won 4,500 au 5,000, kama dola 3 na nusu za Marekani, na kahawa ya kuchuja kwa mkono hupanda hadi 7,000 au 8,000. Mtu wa nyumbani atauliza: wanaolipa mara tatu wana wazimu gani?

Wanakodi kiti. Vijana wengi wa mijini Korea wanaishi chumba kimoja, na kumkaribisha mgeni nyumbani si jambo la kila siku. Wachumba wanaonana mkahawani, mwalimu wa masomo ya ziada anafundishia mkahawani, mama wawili wanamteta wifi yao mkahawani. Ndiyo maana kuna sheria isiyo na mjadala, mara nyingi imeandikwa kaunta: kila kichwa kinywaji kimoja. Msiingie wanne mkaagiza chai moja na vikombe vinne. Kwetu muuza kahawa anakuja na dele lake hadi barazani, kiti ni chako, na unacholipia ni kahawa kweli. Hapa kahawa ni tiketi.

Ukishalielewa hilo, unajua mkahawa wa Busan uupime kwa kipimo gani. Mimi naanza na kiti. Inashangaza ni mikahawa mingapi inayofeli hapo. Fasheni ya miaka hii ni kijigogo kisicho na mgongo na meza iliyo chini ya goti, ili picha itoke vizuri. Kwenye mkahawa mmoja wa Jeonpo, ambao foleni yake ilifika nje, nilikunja miguu mpaka ikafa ganzi, na keki niliila nikiwa nimeinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Kahawa ilikuwa ya kawaida. Watu waliokuwa mbele yangu walipiga picha, wakanywa nusu, wakatoka. Mahali kama pale pana uzuri wake, lakini mtu hapafanyi pawe pake.

Kipimo cha pili ni nani anaingia saa nne asubuhi siku ya kazi. Mkahawa wa mtaa wa kweli saa hiyo una mzee anayesoma gazeti, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, na fundi wa duka la jirani aliyefuata kahawa ya kubeba. Mwenye mkahawa, ambaye wateja humwita sajangnim, hamuulizi fundi anataka nini. Anaitengeneza tu. Na usistaajabu ikiwa ya barafu. Hata Januari, upepo wa bahari ukipita hadi kwenye mifupa, nusu ya watu wanakunywa americano ya barafu. Vijana wana utani wao kwamba bora kufa kwa baridi kuliko kuinywa ya moto.

Baada ya hapo ndipo nionje. Katika chumba kimoja cha meza nne, nyuma ya barabara kubwa ya Jeonpo, niliagiza Kenya. Mwenyewe alipima punje gramu 20 kwenye mizani, akazitoa mbili zilizopauka, akazitupa. Akasaga. Akatandaza karatasi ya chujio, akaimwagia maji ya moto kwanza, akayamwaga maji yale, kwa sababu karatasi kavu huacha ladha yake kwenye kahawa. Kisha akamimina maji kidogo tu juu ya unga, kwa birika lenye mdomo mwembamba, akasubiri. Unga ukafura na kupasuka mapovu; hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka, na kahawa iliyokaangwa zamani haifuri. Hapo ndipo akaanza kuzungusha mkono, polepole, kutoka katikati kwenda nje. Hakuongea na mtu muda wote huo. Simu iliita mara mbili.

Kikombe kilikuja na kadi ndogo inayotaja nchi, kiwanda cha kusafishia na ladha ninazotakiwa kuzikuta. Kilikuwa na uchachu wa nyanya iliyoiva sana, na kadiri kilivyopoa utamu ukazidi. Kahawa ya Kenya ndivyo ilivyo ikishughulikiwa vizuri, ila wengi wetu Afrika Mashariki tunalijua hilo kwa kusikia. Kenya wanalima hiyo na kunywa chai ya maziwa. Tanzania, kopo la kahawa ya unga kutoka Bukoba ndilo linaloonekana mezani. Huku Busan, bango la mkahawa wa mtaani huandika Ethiopia, Kenya, na mara nyingine Rwanda au Tanzania, bila kumshangaza yeyote. "Kenya AA" hapa imekuwa jina la kuagizia kabisa, ingawa herufi zile zinahusu ukubwa wa punje iliyobaki kwenye chekeche, wala si ahadi ya ladha. Mwenye mkahawa yule alilijua hilo. Ile Kenya aliyonipa ilikuwa AB, punje ndogo kidogo, na alisema ameinunua kwa kuionja.

Kukaa mkahawani kwa saa nyingi hakukuanza na vijana wa kompyuta. Kabla ya espreso kulikuwa na dabang, vyumba vya kahawa vya kizamani, ambako kahawa ya asubuhi iliweza kuja na kiini cha yai ndani yake. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, Busan ikawa makao makuu ya muda ya serikali na kimbilio la watu wa kila namna. Waandishi na wachoraji walioacha vitu vyao Seoul walishinda kwenye dabang za mtaa wa Gwangbok-dong kwa sababu hawakuwa na pengine pa kukaa. Dabang ziligeuka ofisi, anwani ya posta na ukumbi wa maonyesho. Mchoraji Lee Jung-seop alikuwa miongoni mwa wakimbizi wale. Ni yeye aliyekuwa akikwaruza picha kwenye karatasi za ndani za pakiti za sigara kwa kukosa vifaa. Mwandishi Kim Dong-ri aliandika hadithi kuhusu mojawapo ya dabang hizo, Mildawon, ikatoka mwaka 1955. Kikombe kimoja kwa siku nzima, na mwenye dabang akivumilia.

Uvumilivu wa sasa una mipaka. Wanafunzi huja na kompyuta, chaja na vitabu vitatu, wanaagiza americano moja na kukaa saa tano. Wakienda kula mchana wanaiacha kompyuta mezani, na wakirudi wanaikuta. Hilo mgeni anatakiwa alione kwa macho ndipo aliamini. Mwenye chumba cha meza nne, akikaliwa na wanafunzi wawili, ameshapoteza nusu ya duka. Ndiyo sababu unakuta soketi zimezibwa kwa gundi ya karatasi na ilani kwamba mwisho wa kukaa ni muda wa saa mbili. Siwalaumu. Ninacholaumu ni ilani nyingine, ile ya kuzuia watoto. Mikahawa mingi huiweka, na ingawa mwaka 2017 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilisema, katika shauri la mgahawa mmoja wa kisiwa cha Jeju, kwamba kuwazuia watoto ni ubaguzi, ilani zimebaki milangoni. Mkahawa unaojiita wa mtaa huku ukimfungia mlango mama mwenye mtoto mgongoni, mimi alama siupi, hata kahawa yake iwe tamu vipi.

Vuka daraja uende Yeongdo, kisiwa kilichoshikana na mji wa kale. Daraja lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1934, lina kipande kinachonyanyuka kupisha meli. Kilisimamishwa mwaka 1966 na kuanza tena kunyanyuka mwaka 2013. Wakati wa vita, ndugu waliahidiana kukutana hapo endapo wangepotezana njiani. Ng'ambo yake kuna karakana za meli, na upande unaotazama bahari kuu, kule Huinnyeoul, vijumba vya ukingoni mwa genge vimegeuzwa mikahawa. Mandhari ni ya kukufanya usahau bei, na wenye mikahawa kadhaa wanajua hivyo: kahawa yao ni maji yenye rangi. Nendeni mkatazame meli, mnywe soda.

Kahawa ya Yeongdo iko upande wa maghala, Bongnae-dong, ambako Momos Coffee walifungua kiwanda chao cha kukaangia na baa mwishoni mwa mwaka 2021, ndani ya ghala la zamani mbele ya maji. Momos ulianza mwaka 2007 huko Oncheonjang, kaskazini mwa jiji, kwenye chumba kidogo cha kuuza kahawa ya kubeba. Jeon Joo-yeon, aliyeingia pale kama mfanyakazi wa muda, ndiye aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mabarista mjini Boston mwaka 2019, Mkorea wa kwanza kufanya hivyo. Mashindano yale humpa mtu dakika 15 kuwahudumia majaji vinywaji 12, huku akieleza kila anachofanya. Mwaka 2024 fainali zenyewe zikaletwa Busan, akashinda Mikael Jasin wa Indonesia. Momos sasa ni wakubwa, na ni vigumu kuendelea kuuita mkahawa wa mtaa. Lakini wadogo wengi wa jiji hili hukueleza habari zao kwa kuanzia hapo.

Kinachoua mikahawa midogo si kahawa mbaya. Ni pango. Mpangaji wa duka Korea anaweka amana kubwa kwa mwenye nyumba, analipa kodi ya mwezi, na juu yake anamlipa mpangaji anayetoka kile ambacho mfanyabiashara wa Kariakoo angekitambua mara moja: kilemba. Mtaa ukichangamka, kilemba kinapanda, mwenye nyumba anaona, naye anapandisha. Waliouchangamsha mtaa ndio wanaoutoka kwanza. Sheria ilikitambua kilemba mwaka 2015, na mwaka 2018 ikampa mpangaji haki ya kuendelea kupanga hadi miaka 10 badala ya 5, na ongezeko la kodi lisizidi asilimia 5 kwa mikataba isiyovuka kiwango kilichowekwa. Imesaidia, lakini imekuta wengi wameshafunga. Seoul wana mfano wao wa Gyeongnidan-gil, mtaa uliosifiwa hadi kodi ikawashinda waliosifiwa, maduka yakabaki na mabango ya "kunapangishwa". Busan walikopa hata mkia wa jina lile: vichochoro vya nyuma ya Jeonpo, ambako mikahawa imesogea kukimbia kodi ya mbele, vinaitwa Jeonridan-gil. Sijui kama waliolibandika jina hilo waliwaza kuhusu bahati yake.

Kwa hiyo anayetaka kuionja Busan ya mikahawa midogo aanzie huko nyuma, si barabara kubwa. Shuka stesheni ya Jeonpo, njia ya pili ya treni ya chini, siku ya kazi kabla ya saa sita. Ukinywea ndani, utapewa kikombe cha kigae au glasi; vya plastiki vya kutupa haviruhusiwi ndani, hivyo sema mapema kama utaondoka nacho. Mezani weka simu au skafu kwanza, ndipo uende kaunta. Ukimaliza, trei unairudisha mwenyewe. Bahashishi hakuna, na ukilazimisha utamtia mtu aibu. Kwa ramani tumia Naver au Kakao, na uangalie ukurasa wa Instagram wa mkahawa kabla hujatoka hotelini, maana wenye mikahawa hii hupumzika Jumatatu, au Jumanne, au siku yoyote mtoto akiugua, na tangazo hulitoa huko tu, asubuhi ile ile.